Mtambo Ukikaa Bure Nani Analipa? Hotuba Kuhusu Ushindani Kwenye Umeme

Asanteni sana, kaeni tu ndugu zangu. Nimeombwa niongelee ushindani kwenye soko la umeme, na najua humu ndani kuna watu wameshasikia ile hadithi kwamba ukivunja shirika moja kubwa ukaruhusu kampuni nyingi basi bei itashuka na huduma itanyooka, na kuna wengine wameaminishwa kinyume chake, kwamba ushindani kwenye umeme ni wizi mtupu uliovalishwa suti. Mimi naomba tuanzie pengine kabisa. Mtambo umejengwa, hela nyingi zimezama pale, halafu umeme wake hauhitajiki kama walivyotegemea, au bei ya gesi imepanda mara tatu, au mvua imegoma na bwawa liko tupu. Hasara hiyo nani anaibeba? Mwenye mtambo? Benki iliyomkopesha? Hazina ya serikali? Au wewe na mimi kupitia bili? Ukinijibu hilo swali nitakwambia soko lako litakwendaje, hata kabla hujanitajia kampuni ziko ngapi.

Tuanze na mfumo wa zamani maana bila kuuelewa huo hatutaelewa kwanini watu walitaka kuuvunja. Mwanzoni kabisa umeme ulikuwa na ushindani, tena mkali. Huko Marekani mwishoni mwa karne ya 19 mji mmoja ulikuwa na kampuni nyingi za umeme, kila moja na nyaya zake. Samuel Insull, ambaye alikuwa katibu wa Thomas Edison, alihamia Chicago mwaka 1892 kwenda kuongoza kampuni ya umeme pale, na aliona kitu ambacho wenzake hawakukiona haraka: kwenye biashara hii mtaji ni mkubwa mno na nyaya mbili kwenye mtaa mmoja ni hela kutupwa. Mwaka 1898 akawaambia wenye kampuni wenzake wakubali serikali za majimbo ziwapangie bei, na wao wapewe eneo peke yao. Mwaka 1907 Wisconsin na New York wakaunda tume za kudhibiti huduma hizi na majimbo mengine yakafuata.

Makubaliano yale yalikuwa hivi: kampuni inapewa eneo lake bila mpinzani, inalazimika kumhudumia kila anayehitaji, na mdhibiti anahakikisha inarudisha gharama zake pamoja na faida ya wastani. Ukiangalia juu juu ni mpango mzuri, na kiukweli umewafikishia umeme watu wengi sana, mimi siubezi hata kidogo. Ila sasa angalia hasara inaangukia wapi. Mdhibiti akishakubali mtambo uingie kwenye hesabu ya bei basi mteja analipa, uwe ulihitajika au haukuhitajika, uwe ulijengwa kwa bei ya haki au kwa bei ya ajabu. Na kwa sababu faida inahesabiwa kwa asilimia ya mtaji uliowekwa, kampuni ikijenga zaidi inapata zaidi. Miaka ya 1970 na 1980 Marekani wakaja kuiona hii kwa macho yao, mitambo ya nyuklia ikawa inazidi makadirio mara kadhaa, mingine ikaachwa katikati, na bili zikawa zinapanda watu wakawa wanauliza hivi huyu aliyekosea hesabu mbona halipi yeye.

Hapo ndo fikra za ushindani zilipoota mizizi. Mwaka 1978 Marekani ilipitisha sheria iliyozilazimisha kampuni za umeme kununua kutoka kwa wazalishaji wadogo wa nje, na watu wakagundua kumbe hata asiyekuwa shirika la umeme anaweza kufua umeme na mambo yakaenda. Halafu ikaja mitambo ya gesi ya kisasa, ile inayotumia joto la moshi wa gesi kuendesha tena mtambo wa mvuke, ambayo huhitaji kujenga kitu kikubwa kama mlima ili upate bei nzuri, na inasimama kwa miaka michache. Ile hoja ya zamani kwamba kuzalisha lazima kuwe kwa mtu mmoja kwa sababu mkubwa ndo rahisi, ikapungua nguvu. Nasisitiza kuzalisha, maana hapa watu wengi wanachanganya.

Umeme ukiutazama kama kazi moja utapotea. Kuna kuzalisha, kuna kusafirisha kwa nyaya kubwa za msongo wa juu, kuna kusambaza mpaka nyumbani, na kuna kuuza, yaani kumpimia mteja na kumdai hela. Kuzalisha watu wanaweza kushindana, na kuuza pia wanaweza. Nyaya hapana. Nyaya ni kama barabara, malori ni mengi lakini barabara ni moja, na hakuna mwenye akili atakayejenga barabara ya pili pembeni yake ili washindane. Kwa hiyo kila nchi iliyofungua soko, nyaya zimebaki chini ya mdhibiti, na ugomvi mkubwa umekuwa ni kumzuia mwenye nyaya asipendelee mitambo yake mwenyewe. Marekani walitoa amri namba 888 mwaka 1996 kupitia tume yao ya nishati ya shirikisho, wakasema mwenye nyaya za kusafirisha lazima amruhusu kila muuzaji apitishe umeme wake kwa masharti yale yale anayojipa yeye mwenyewe. Ulaya nao wakatoa maagizo yao mwaka 1996, wakarudia 2003, wakarudia tena 2009, kila safari wanakaza zaidi kutenganisha nyaya na mitambo, manake waliona ukitenganisha kwenye karatasi tu bosi anakuwa yule yule na simu anapiga yeye yule yule.

Sasa kuna jambo moja la asili ya umeme ambalo watu wa sera hulipita haraka na ndo linalowaumiza baadaye. Umeme lazima uzalishwe sekunde ile ile unayotumika. Masafa ya mfumo, yaani mizunguko ya umeme 50 au 60 kwa sekunde kutegemea nchi, yakishuka kidogo tu mitambo inaanza kujizima yenyewe kujilinda, na ikijizima mingi mfumo mzima unaanguka. Ghala la maana kwa miaka mingi halikuwepo, betri zinakuja vizuri siku hizi lakini bado ni sehemu ndogo ya mifumo mingi. Na upande wa pili mteja haoni bei, mtu amewasha taa na feni na pasi hajui kwamba saa hii umeme kwenye soko la jumla umepanda mara kumi, kwa hiyo hapunguzi matumizi. Muuzaji hawezi kuweka akiba, mnunuzi hajui bei. Ukiweka hivyo viwili pamoja unapata soko ambalo muuzaji mdogo tu anaweza kukushika koo.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuseme saa moja jioni mahitaji ni megawati 1,000 na mitambo yote ikiunguruma inatoa 1,100. Kuna kampuni ina megawati 200 peke yake, yaani haifiki hata moja ya tano ya soko, na kwenye biashara nyingine ungesema huyu ni mdogo hana madhara. Lakini bila yeye iliyobaki ni 900, haitoshi. Kwa hiyo saa hiyo yeye ndo anapanga bei, anaweza kusema nataka mara ishirini na watalipa, maana vinginevyo ni giza. Na kwa namna masoko mengi ya jumla yanavyofanya kazi, bei ya mtambo wa mwisho uliohitajika ndo inalipwa kwa wote, hata yule mwenye maji anayezalisha kwa bei ya chini kabisa. Mfumo huo una mantiki yake, unampa mwenye gharama ndogo sababu ya kujenga zaidi na unampanga kila mtu kwa foleni ya gharama, mimi naukubali, ila unahitaji mtu mwenye macho makali anayekaa pale kila saa akiangalia nani kauzima mtambo na kwanini.

Waliotangulia kufungua soko ni Chile, sheria yao ni ya mwaka 1982. Wao hawakuwaamini wazalishaji watangaze bei wanayotaka, walipanga mitambo kwa gharama zilizokaguliwa, na ule uangalifu uliwasaidia. Ukame wa 1998 na 1999 ulipokuja bado walipata mgao wa umeme, kwa hiyo sio kwamba walimaliza kila kitu, lakini mfumo wao ukaigwa na nchi nyingi za Amerika ya Kusini.

Kilichotikisa dunia ni Uingereza. Sheria ilipita 1989, na mwaka 1990 lile shirika lao kubwa la kuzalisha na kusafirisha likavunjwa vipande vinne: National Power, PowerGen, Nuclear Electric, na National Grid akabaki na nyaya za kusafirisha. Chini yao kampuni 12 za mikoa za kusambaza. Soko likafunguliwa, kila mzalishaji anapeleka bei yake siku moja kabla na bei inatoka kwa kila nusu saa, yaani bei 48 kwa siku. Inapendeza ukiisoma. Tatizo ni kwamba mitambo ya makaa na mafuta, ambayo ndo ilikuwa inaamua bei sehemu kubwa ya muda, ilikuwa mikononi mwa kampuni mbili tu. Wawili hawahitaji hata kukutana kwenye hoteli kupanga njama, kila mmoja anamsoma mwenzake na bei inabaki juu. Mdhibiti wao Stephen Littlechild ilibidi mwaka 1994 awabane, wakakubali kikomo cha bei kwa muda na kuachia megawati 6,000 za mitambo kwa watu wengine. Angalia hapo, ushindani ulihitaji mdhibiti mwenye meno kuliko ukiritimba ulivyomhitaji. Na mwaka 2001 soko lenyewe walilivunja wakaunda jingine la mikataba ya moja kwa moja kati ya muuzaji na mnunuzi.

Halafu kuna Norway, mfano ninaoupenda na usiotajwa vya kutosha. Wao walifungua soko Januari 1991 na hawakuuza mashirika yao. Statkraft, kampuni yao kubwa ya kuzalisha, ilibaki mali ya serikali, kampuni nyingi za umeme zikabaki mali ya manispaa, ila zikalazimishwa kushindana. Mwaka 1996 Sweden wakaungana nao wakawa na soko moja la umeme linalovuka mpaka, la kwanza la aina yake, baadaye Finland na Denmark wakaingia. Kwa hiyo mtu akikwambia ushindani maana yake ni kuuza kila kitu kwa wawekezaji, mwambie hapana, hivi ni vitu viwili tofauti, na kuna nchi zimeuza bila kuweka ushindani wowote, zimehamisha ukiritimba kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Hilo la pili ndo baya kuliko yote kwa maoni yangu.

California sasa. Hapa naomba tukae kidogo maana ni darasa zima. Sheria yao ni ya 1996, soko likafunguliwa 1998. Kampuni kubwa za usambazaji zikatakiwa ziuze mitambo yao mingi ya gesi kwa wengine, zikawa zinanunua umeme karibu wote kwenye soko la siku kwa siku, na mikataba ya muda mrefu ya kujikinga zikawa hazina ruhusa nayo kwa maana yoyote ya kweli. Upande wa mteja bei ikafungwa haiwezi kupanda. Yaani unanunua kwa bei inayocheza na unauza kwa bei iliyogandishwa, na katikati huna kinga. Kila mtu aliona ni salama kwa sababu siku hizo umeme ulikuwa mwingi na rahisi, walichoogopa ni bei kushuka sana.

Mwaka 2000 ukame ukapiga majimbo ya kaskazini magharibi waliyokuwa wanategemea maji yake, gesi ikapanda, mahitaji yakaongezeka, na hapo wenye mitambo na madalali wakagundua kwamba wameshika koo. San Diego ambako bei ya mteja ilikuwa imeshaachiwa, bili za watu zilizidi mara mbili ndani ya kiangazi kimoja. Kwingine ambako bei iligandishwa, kampuni zikawa Desemba zinanunua kwa zaidi ya dola 300 kwa megawati-saa, yaani megawati moja kwa saa moja, wakati walichoruhusiwa kukusanya kwa mteja hakifiki hata theluthi ya hapo. Januari 2001 umeme ukawa unakatwa kwa zamu, kwenye jimbo tajiri kuliko nchi nyingi duniani. Aprili kampuni kubwa ya usambazaji ya PG&E ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Serikali ya jimbo ikaingia kununua umeme yenyewe, ikasaini mikataba mirefu ya bei kubwa katikati ya hofu, na wateja wakailipia miaka na miaka. Baadaye zikatoka nyaraka za madalali wa Enron, kampuni ya biashara ya nishati, zenye mbinu walizozipa majina kama Death Star, wanapanga safari za umeme za uongo kwenye nyaya ili walipwe kwa kupunguza msongamano ambao haupo, na rekodi za simu ambapo mtu wa mtambo anaambiwa atafute sababu auzime. Juni 2001 tume ya shirikisho ikaweka udhibiti wa bei kwa eneo lote la magharibi na bei ikatulia, baada ya kukataa kwa miezi mingi ikisema soko litajirekebisha.

Watu wengine husema California ilishindwa kwa sababu hawakufungua soko vya kutosha, kwamba wangeiachia na bei ya mteja. Nusu ni kweli. Ila jiulize, bei ya mteja ingeachiwa na wanunuzi bado wamenyimwa mikataba ya muda mrefu na madalali bado hawana wa kuwachunguza, nini kingebadilika? Aliyebeba hasara angekuwa mwingine tu, ingekuwa ni San Diego jimbo zima.

Texas ilijifunza kutoka California, au walidhani wamejifunza. Sheria yao ni ya 1999, wateja wakaanza kuchagua muuzaji 2002, na upepo ukaingia kwa wingi sana, kwa hilo wanastahili sifa. Fikra yao ilikuwa hivi: tusimlipe mtu kwa kuwa na mtambo tu, tumlipe kwa umeme anaotoa, na umeme ukiadimika tuache bei ipande mpaka dola 9,000 kwa megawati-saa, wakati siku ya kawaida ni makumi machache ya dola. Hiyo bei ya kutisha ingemfanya kila mwenye mtambo ajiandae ili siku hiyo asikose. Karatasini inasimama. Februari 2021 baridi kali ikashuka, visima vya gesi na mabomba vikaganda, mitambo ikaganda, pampu za gesi zenyewe zikakatiwa umeme, na waendesha mfumo wakabaki dakika chache tu gridi yote ianguke. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 gizani kwenye baridi ile, na hesabu ya idara ya afya ya jimbo ni watu 246 waliokufa. Na bei ilikuwa kwenye dola 9,000 kwa siku kadhaa, mdhibiti mwenyewe aliamuru ikae pale. Je ilileta mtambo hata mmoja? Kilichoganda kimeganda, hata umlipe milioni. Mwaka 2011 walishapata baridi na wakashauriwa na wakaguzi wa shirikisho wakinge mitambo yao, ila ilibaki ushauri.

Na zile hela? Familia zilizokuwa kwenye mikataba inayofuata bei ya soko zilipata bili za maelfu ya dola kwa siku chache. Chama cha ushirika cha umeme cha Brazos kikafilisika. Madeni mengine yakageuzwa mikopo itakayolipwa taratibu kupitia bili kwa miaka mingi ijayo. Yaani adhabu iliyotungwa kumtisha mwenye mtambo ikamfikia mama aliyekaa gizani na watoto. Hii kitu inanikera mpaka leo na sitaki kuificha. Baadaye wakapitisha sheria ya kulazimisha mitambo ikingwe na baridi na kikomo cha bei kikashushwa mpaka dola 5,000, sawa, lakini sheria ile ya kukinga ilikuwa inaweza kuandikwa miaka kumi kabla.

Kwenye kuuza rejareja nako kuna la kujifunza, nitapita haraka. Uingereza waliruhusu watu waanzishe kampuni za kuuza umeme kwa mtaji kiduchu, wanamwahidi mteja bei isiyobadilika wakati wao wenyewe hawajanunua mapema umeme wa siku za mbele. Gesi ilipopanda 2021 kampuni zaidi ya 25 zikafa ndani ya miezi michache, Bulb iliyokuwa na wateja zaidi ya milioni moja na nusu ikawekwa chini ya usimamizi maalum, na gharama za kuwahamisha wateja wa kampuni zilizokufa wakagawiwa wateja wote wa nchi. Faida ilikuwa ya mwenye kampuni, hasara ikawa ya jirani ambaye hakuwahi hata kuwa mteja wake.

Sasa nifike kwenye mfumo ambao nchi nyingi zinazoendelea zimeuchukua, wa mnunuzi mmoja. Wazalishaji binafsi wanaruhusiwa kujenga, lakini wote wanauza kwa shirika moja, kwa mkataba wa miaka 20 au 25. Uganda kwa mfano ilipitisha sheria 1999, ikavunja bodi yake ya umeme 2001 kuwa kampuni tatu, ya kuzalisha, ya kusafirisha na ya kusambaza, na ile ya kusafirisha ndo mnunuzi. Kwenye hotuba za uzinduzi mfumo huu huitwa ushindani. Lakini ukisoma mikataba ya namna hii, mingi ina kapasiti chaji, yaani mtambo ukiwa tayari kufanya kazi unalipwa hata usipowashwa, na mingi iko kwa dola. Mwekezaji anasema bila hivyo benki hanipi mkopo, na hadanganyi, ndo ukweli wa benki. Ila hapo mshindani yuko wapi? Mtambo una mteja mmoja aliyefungwa miaka 20, na hasara ya kukadiria vibaya mahitaji imerudi kule kule kwa mlipa bili, tofauti ni kwamba sasa iko kwenye mkataba wa siri na mahakama yake ya usuluhishi iko nje ya nchi.

Indonesia walilipa ada ya somo hili. Miaka ya 1990 shirika lao la umeme lilisaini mikataba zaidi ya 20 na wazalishaji binafsi, mingi bila zabuni ya wazi, malipo kwa dola. Katikati ya 1997 dola moja ilikuwa kama rupia 2,400, Januari 1998 ikapita 10,000. Shirika linakusanya rupia kwa wateja na linadaiwa dola, na uchumi umeanguka kwa hiyo umeme wenyewe wala hauhitajiki. Miaka kadhaa ikaishia kwenye kesi na majadiliano ya upya, mmoja mmoja.

Kwa hiyo mimi sisemi msiwe na mnunuzi mmoja. Mfumo wa megawati elfu moja au mbili hauwezi kuwa na soko la nusu saa lenye washindani wa kweli, utapata wawili watatu wanaotazamana. Kwa mifumo midogo ushindani wenye faida unatokea mlangoni, kabla mkataba haujasainiwa. Mnada wa wazi. Brazil walihamia huko kwa mageuzi ya 2004, wanapiga mnada wa mikataba ya miaka mingi na anayetaka bei ndogo ndo anashinda. Afrika Kusini walianza minada yao ya nishati jadidifu 2011, na ndani ya mizunguko minne ya kwanza bei ya umeme wa jua ilishuka kwa zaidi ya nusu, wazabuni wanapigana wenyewe kwa wenyewe na masharti ya mkataba yamechapishwa mapema, hakuna wa kwenda kujadiliana chumbani. Ukiwa na mnada wa namna hii halafu ukakubali kapasiti chaji, angalau kiasi chake kimetoka kwa watu walioshindana.

Na mdhibiti aje kwanza. Sio aje baada ya mikataba kusainiwa, akabidhiwe makaratasi na kuambiwa pitisha bei. Awe na bajeti isiyotoka kwa waziri ambaye anaweza kuikata akinuna, awe na wahandisi wanaojua mtambo ukisemekana umeharibika waende kuukagua siku hiyo hiyo, awe na haki ya kuona kila bei iliyotolewa na kila mtambo uliozimwa, na awe na uwezo wa kutoza faini inayouma. Soko la PJM kule mashariki ya Marekani lina kitengo huru ambacho kazi yake ni hiyo tu, kuchunguza wanaouza na kuandika ripoti ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Mdhibiti anayesubiri malalamiko ofisini hawezi kuwakamata watu wanaofanya biashara kila nusu saa.

Kingine, kutenganisha hesabu hakuhitaji sheria kubwa wala mshauri kutoka nje. Shirika moja likiandika vizuri kuzalisha kunagharimu kiasi gani, kusafirisha kiasi gani, kusambaza kiasi gani, na umeme unaopotea njiani au kuibiwa ni kiasi gani, tayari mnaweza kuona tatizo liko wapi kabla ya kuvunja chochote. Nchi kadhaa zimevunja mashirika kisha zikagundua ugonjwa ulikuwa kwenye usambazaji, bili hazikusanywi na serikali yenyewe ndo mdaiwa sugu, na hakuna mnada wa mitambo unaotibu hilo.

Na kuhusu kasi, maana naona mmepewa rasimu ya kufungua soko la umeme yenye ratiba. Uingereza, wenye nchi ndogo, gridi iliyokamilika na mitambo ya ziada, waliwaachia wateja wachague muuzaji hatua kwa hatua: 1990 wale wa zaidi ya megawati 1, 1994 wa zaidi ya kilowati 100, na majumbani mwaka 1998 mpaka 1999. Miaka 9, na hiyo hatua ya mwisho ilichelewa kwa sababu mifumo ya kompyuta ya kuhesabu nani kauza kwa nani haikuwa tayari. Rasimu yenu inasema kila mteja atachagua muuzaji wake ndani ya miaka mitatu. Kabla hamjaipitisha waiteni walioiandika wawaonyeshe mita za kupima nusu saa ziko wapi, nani amejenga mfumo wa mahesabu, na muuzaji akifilisika usiku wateja wake asubuhi wanahesabiwa kwa nani.